Baruti Juu ya Uchaga

Dunguni, huku deltani

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri na goti limeacha kukusumbua. Najua anayekusomea ni Mwajuma, basi mdogo wangu soma yote, usiruke mahali kwa kuogopa kumshtua mama. Sisi ni wazima, ila sijalala sawasawa tangu Zuhura aanze kuota meno. Sasa anatambaa, na kila anachookota kinaingia mdomoni. Mtandao huku haukamati, ndiyo maana naandika.

Mpunga umependeza, umeshaanza kutoa masuke. Shida ni nguruwe. Jua likizama wanaingia shambani kama wamelima wao. Mkweo alikuwa anawatisha kwa ile shotigani ya marehemu baba yake, akipiga moja juu wanatawanyika. Risasi zikamwishia. Badala ya kwenda kununua kama watu wengine, karudi kutoka Nyamisati na mfuko wa maganda matupu ya risasi. Eti kuna mtu kamwambia yanajazwa tena nyumbani, kazi nyepesi tu.

"Huyo aliyekwambia ana vidole vingapi?" nikamuuliza.

"Mama Zuhura, wewe kila kitu unakitia mkosi."

"Kibali ulichonacho ni cha bunduki, si cha kiwanda."

Akacheka, akaendelea. Mama, dungu letu unalijua lilivyo, chumba kimoja juu ya nguzo, humohumo tunalala, humohumo napika. Sasa kikajaa baruti, fataki za kuilipulia na vyuma vyake. Akachukua zile chubwi za risasi za kuzamishia wavu, akaziyeyusha atengeneze marisau, zile punje za kujazia maganda, na alichoyeyushia ni sufuria ya uji wa mtoto. Nikamwambia risasi ni sumu, basi sufuria ni yako, nikamwekea na mwiko. Akanuna kutwa nzima, kana kwamba mkosaji ni mimi. Nami nikawa napikia uji kwenye kopo, huku nafagia sakafu kila saa nisije nikaacha punje moja ya risasi Zuhura akaimeza.

Juzi sasa. Nilipanda kigoda nishushe samaki kwenye uchaga wa juu ya moto. Huku kila kitu kinapata unyevu, kwa hiyo mbegu, chumvi, viberiti, vyote vinakaa pale vikaushwe na moshi. Mkono ukagusa kopo la maziwa ya Zuhura. Zito. Kufungua, unga mweusi. Chini yake moto unawaka, na mtoto amekaa pembeni anagonga kifuniko cha chungu.

Nilimwaga maji yote ya mtungi kwenye moto, nikambeba mtoto, nikashuka ngazi. Mkweo nikamkuta anapalilia.

"Baruti imefuata nini juu ya uchaga?"

"Ilikuwa mbichi," akasema. "Kitu kibichi unakiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipochoka, mama, kwa sababu hakuwa ananibishia. Amekulia dunguni. Mama yake alianika vitu pale uchagani, na bibi yake vilevile, mkono wake umekwenda wenyewe. Kuja kuelewa alichofanya, akakaa chini matopeni. Ni mtu mwema, akitoka shamba hambusu mtu kabla ya mtoto. Lakini jioni yake akaniambia ameshapata dawa, kopo litahamia chini ya kitanda.

Nikamwambia boti inayobeba nguzo za mikoko inapita leo maji yakijaa. Ama apande yeye, vitu vyote hivyo akavikabidhi polisi huko kwenu Kibiti, ama nipande mimi na Zuhura.

"Na mpunga?"

"Waule. Mtoto nina mmoja."

Nisalimie baba, mwambie dawa ya kikohozi asiache katikati. Msalimie shangazi anayeuza mihogo barabarani, na mjomba fundi baiskeli, na bibi mkunga aliyenipokelea Zuhura, mwambie amepata meno mawili.

Naishia hapa, maji yameanza kupanda. Mkweo yuko chini ya dungu, amepakata kopo. Nguo za Zuhura nimeshazifunga kwenye kanga. Kama barua hii anakuletea yeye, mpe chai, usimseme sana, anaelekea polisi. Kama nakuletea mimi, nipokee mtoto, na usiniulize kitu mpaka nimelala.

Mwanao,
Mwanaidi