Filamu Alizokuwekea Baba

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote tuliobaki hapa, maana tumepungua. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua chako hakikusumbui kwa baridi ya huko. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza ukaidi: kushuka ngazi za studio linakubali, kupanda halitaki. Fundi cherehani wa jirani anakusalimia. Bado ananiita Bi Barafu, na bado simwitikii.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Unasema umeuza kamera zako zote, kwamba mtu aliyeshindwa kumpiga picha mama yake hana haki ya kupiga za watu. Kisha unaniomba msamaha, mimi, kwa kuharibu amana ya Baba. Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyonifaa, na sasa naona siwezi tena kunyamaza.

Niache nianzie mbali kidogo. Baba aliposikia kiwanda kinaacha kutengeneza zile filamu zake za nyeusi na nyeupe, alinunua boksi zima, akaifunga kila moja ndani ya kopo, akazipanga kwenye friza ya studio. Mimi ndiye niliyeshika makopo, yeye akizungusha utepe. Nikadhani ananikabidhi urithi. Alipomaliza akaniambia nizitunze vizuri, ni zako wewe, za siku utakayorudi kumpiga picha Mama, kwa kuwa wewe una jicho. Mimi akanisifu kwamba nina mikono mizuri. Hata punda husifiwa mgongo, mdogo wangu.

Miaka kumi na minane nimelinda filamu zako. Umeme ukikatika nakimbilia barafu, naibeba kwa beseni barabara nzima, na hapo ndipo fundi alipolipata lile jina. Nimejifunza kwamba filamu isiyotumika haikai vile vile kwa sababu tu hujaigusa. Inazeeka humo humo ndani ya kopo, inaingia ukungu kidogo kidogo. Baridi huichelewesha, joto huiharakisha. Na ukiitoa kwenye friza, kopo lisifunguliwe mpaka baridi yote imeisha, la sivyo umande unaingia. Wewe wakati huo ulikuwa na maonyesho yako huko, na kila mteja aliyekalia kiti changu aliuliza habari zako kabla sijamnyoosha kola. Nilikuwa nawajibu kwa tabasamu huku nimekaza meno.

Baba alipofariki nilidhani maneno yake yatakwenda naye. Mama akayashika. Kila friza ikinguruma ananikumbusha niangalie filamu za mtoto. Mtoto mwenyewe ana mvi.

Ndipo mwaka jana ukaja. Unajua Mama alivyokuwa na kamera: ukiinua tu, anageuka, anainama, anakumbuka ana kitu jikoni. Mganga hajigangi; nyumba nzima ya wapiga picha, na hatukuwa na picha hata moja inayomwonyesha uso kamili. Kwako alivaa, akakaa siku tatu bila kulalamika. Siku ya kwanza, kwa furaha ya kumwona amekaa, ulifungua kopo kabla ya nusu saa. Nilikuona, sikusema kitu. Ukaniachia filamu nizisafishe, ukaondoka, na wiki ya tano Mama akatutoka.

Filamu zilitoka za kijivu mwanzo hadi mwisho, Mama ndani yake kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa sufuria. Ulipopiga simu nilikuambia ni umande, kwamba uliharakisha kopo. Ulilia sana. Nikakuacha ulie.

Sasa nisikilize. Umande huacha madoa. Hauwezi kufunika filamu zote namna ile, na makopo mengine uliyafungua baada ya siku nzima. Wewe kazi ya dawa za kusafishia filamu hukuwahi kuijua, ukaniamini. Kikulacho kilikuwa nguoni mwako.

Uliposema unakuja, nilitoa filamu moja. Nilitaka nijue kama na mimi nina jicho. Nikaiacha hadi kesho yake, nikamkalisha Mama karibu na dirisha, nikaiongezea filamu mwanga kwa kuwa imezeeka. Mama akageuka. Nikambembeleza, akainama. Mwishowe akaniuliza picha hiyo ni ya nani. Nilikuwa nimechoka, nikasema nitakutumia wewe. Basi akainua uso, akacheka mpaka machoni, na mimi nikabonyeza.

Ilitoka safi, haina ukungu wala doa. Ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani mwangu, na Mama humo anakuangalia wewe. Nilisimama chumba cha giza na wivu wangu. Kesho yake nikazipandisha filamu zote zilizobaki darini, chini ya bati. Zikakaa miezi mitatu ya joto, nami nikazirudisha kwenye friza siku mbili kabla hujafika. Nilitaka ukose, japo mara moja katika maisha yako. Nilifikiri utaona aibu kidogo, kisha utarudi mwaka unaofuata na filamu nyingine. Sikujua kwamba Mama hana mwaka mwingine.

Hiyo picha imo ndani ya bahasha hii, pamoja na negativu yake. Sikubakiza nakala. Nisingependa udhani nimekuwa mtu mwema kwa siku moja: wakati naifunga nilikuwa bado na wivu, nikaitoa mara mbili, nikairudisha. Naituma hivyo hivyo. Aliinua uso kwa ajili yako, basi ni yako.

Nunua kamera tena. Kosa halikuwa lako hata kidogo.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu, kama bado utataka wanijue. Usipojibu nitaelewa. Ukijibu, tafadhali usianze kwa kuniomba msamaha.

Ni mimi,
Dada yako