Maji ya Yama

Mama yangu mpenzi,

Kuna neno sijamwambia mtu yeyote, hata Nkambo, mama yako, ninayelala nyumbani mwake: sitaki kuwa Yama. Nimeliandika kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaogopa na kuliacha.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Baba hajambo na kikohozi chake cha mgodini? Wadogo zangu wanasoma? Huku Nchelenge Nkambo ni mzima, ila miguu. Mimi mwili ni mzima. Samaki wanakaushwa kila mahali, hata vitabu vyangu vinanuka.

Tangu kaka yako Mulenga, mjomba niliyemwita Yama, alipofariki sijakuandikia yanayosemwa hapa. Ukoo umekaa, ukasema mrithi ni mimi, mtoto wa dada yake. Nitapewa maji ninywe mbele ya watu, na nikishayanywa mimi ndiye Yama: jina lake, mashua yake, nyavu zake. Mjane wake watamfungua aolewe kwingine, kwa kuwa mimi bado mdogo, lakini mtoto wao Mwape ataniita baba. Na shule basi, kwa sababu mashua haiendeshwi na mtu aliye darasani. Hakuna aliyeniuliza. Watu wakipita wananitazama mabega, kama fundi anayepima shati. Mama, mimi nikipanda mashua ya kwenda Chisenga natapika kabla kisiwa hakijaonekana! Ulinivusha mpaka kutoka Elisabethville ili nisome, niwe mwalimu.

Juma lililopita Mwalimu alitupeleka sisi wa darasa la mwisho kuuona mji wa Mwata, mfalme wa Walunda, kule bonde la Luapula. Tulipanda lori la samaki, tukakalia vikapu. Nilikuwa nimesoma habari za mji ule, na za Wareno walioufikia kwa miguu zamani, nikadhani nitaona kuta za mawe. Niliona barabara pana, nyumba za udongo, na mihogo. Mwalimu akatuzungusha pembeni, akasema kila Mwata alijenga mji wake mpya, ule wa mwenzake ukaachwa. Basi mashamba yale tuliyokuwa tukiyakanyaga yalikuwa miji. Hapo nilifurahi, nikasahau ya nyumbani.

Kisha tukafika kwenye handaki refu lililojaa majani. Kijana mmoja, kofia kisogoni, alikuwa ukingoni akiziba tairi la baiskeli. Mwalimu akamwuliza nani alilichimba.

"Ni mimi," akasema.

Wenzangu wakacheka. Mimi, ambaye unajua sisemi mbele za watu, nikajikuta nasema, "Haiwezekani. Ni zamani za nkambo wa nkambo."

"Wewe mtoto wa wapi?"

"Elisabethville."

Akaacha Kibemba, akanisemesha Kiswahili chetu. "Elisabethville! Nilikuwa nauzisha samaki kule pa soko. Sikia basi. Miye nilivuka Luapula pamoja na Mwata wa kwanza. Nikachimba hii shimo. Nikakufa mara mingi. Mwaka jana nikakuya hapa pa matanga, na shati yangu ya kazi, kwa siku mbili tu. Bakanipa maji. Sasa angalia."

Mzee mwenye mvi alikuwa akipita. Alipomwona akachutama, akapiga makofi polepole: "Mwapoleni, tata." Akamwita baba, Mama!

"Ule ni mutoto yangu," kijana akasema. "Na muke yangu iko na mvi. Kila asubuhi ananiuliza kama nimenawa uso."

Wote wakacheka, naye pia. Mimi sikucheka. Wenzangu walipotangulia nikamwuliza, "Na kama ungekataa maji?"

Akapiga pampu kwanza. "Wazee balikuwa bananiangalia. Nikikataa, mwenye kuchimba anakufa kabisa. Weye leo ungeuliza nani?"

"Na baiskeli hii?"

"Ninaitengeneza kila juma," akasema. "Bado kuipanda kurudi kule pa soko."

Barua hii niliiacha hapo. Nilitaka kuimalizia kwa kukuomba umwandikie Nkambo amtafute mwingine. Sikuwahi. Jana watu walifika asubuhi, kutoka Kafutuma na Chienge, wakajaa uani. Nkambo akaniketisha mkekani, akaleta kikombe cha bati. Maneno ya kukataa nilikuwa nimeyapanga kichwani, mazuri, ya heshima. Mwape akaja akakaa karibu nami. Hakunitazama mimi, alitazama kikombe.

"Nkambo," akauliza, "ni sasa Tata anarudi?"

Wote walikuwa wakinitazama.

Nikanywa. Yalikuwa maji ya ziwa tu, vuguvugu. Wanawake wakapiga vigelegele, na Nkambo akaniita mwanangu, akalia.

Leo asubuhi nilimrudishia Mwalimu kitabu cha jiografia. Akasema nikae nacho kidogo. Nikasema hapana. Kisha nikashuka ufukweni, nikazitandaza nyavu juani, nikaanza kushona iliyochanika. Mwape akakaa juu ya mashua akinitazama.

"Tata, umesahau fundo," akasema, akanishika vidole, akanionyesha. Nikalifungua langu, nikafunga upya.

Msalimie Baba, ambaye tangu jana ni shemeji yangu. Wadogo zangu sasa ni wapwa zangu. Waambie wasome sana. Mama yetu, aliyekuwa Nkambo wangu, anakusalimu. Wewe usilie sana, dada yangu mdogo. Huku wanasema nimerudi.

Ni mimi Petro, mwanao hadi juzi,
kaka yako,
Mulenga