Jina la Baba Mkwe

Jumamosi, 4 Juni 1994

Baba mkubwa Ambilikile kapita sokoni leo. Kachagua koti la mtumba kwenye meza yangu, kavaa, kajitazama — halafu ndiyo ananitolea maneno. Eti kinachomzuia Mama kufika kwenye kaburi la Baba si yeye, ni ukoo. Eti Mama alimwita baba mkwe wake kwa jina, hadharani, kule walikokuwa wanajenga reli, na Babu akafa palepale. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hata njiani anampisha porini, sembuse kumtaja! Jina ndilo lililomuua.

Nikamwambia Babu aligongwa na kiberenge cha reli, hakugongwa na jina. Akacheka. Wateja nao wakacheka, wapumbavu.

Mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama siku hiyo. Nilikuwepo na sijui kitu! Ninachojua ni kwamba walimrudisha kwao Masukulu, na Baba akawa anakuja kumwona kwa kujificha, mke wake mwenyewe. Mwaka jana tulipomzika Baba kule Isongole, Mama hakuruhusiwa kukanyaga uwanja. Alisimama barabarani kwenye ukungu akamlilia mumewe kutoka ng'ambo ya shamba la viazi. Nikikumbuka naumia mpaka leo. Anachotaka ni kimoja tu: kufika kwenye kaburi la Baba, na siku yake ikifika alazwe hapo.

Baba mkubwa kasema: lete mtu aliyekuwepo, aape kuwa mama yako hakutamka lile jina, tutamfungulia. Anasema hivyo kwa sababu anajua hakuna mtu. Haya! Tutaona.

Jumanne, 7 Juni

Mbeya, stesheni. Karani kaniangalia kama nimepotea njia. Wenyewe wanapunguzwa kazi, kasema, nani atamkumbuka kibarua aliyekufa hata treni hazijaanza kupita? Nikamwambia mimi. Akaendelea na chai yake.

Nimemuuliza Mama tena. Hasemi. "Gwe mwana, mwache mzee wa watu alale." Basi.

Jumamosi, 11 Juni

Nimempata! Na aliyenipatia ni Zakia, jirani yangu wa khanga na vitenge, ambaye kila siku tunagombania turubai. Baba yake, Mzee Hasheem, yule fundi cherehani, ujanani alikuwa kibarua wa reli, kundi moja na Babu. Mwaka mzima tuko pua na mdomo na sikuuliza!

Kanikaribisha, kazima redio. Anasema Babu alikuwa ameinama anashindilia kokoto, pale reli inapopita kwenye kilima kilichochongwa. Upande mmoja ukuta wa mawe. Upande wa pili wazi, majani matupu. Huko juu kabari iliyozuia magurudumu ikachomoka, kiberenge kilichojaa mataruma ya kulazia reli kikaanza kuteremka chenyewe. Baba alikuwa kundi la mbele, hakuona. Lakini hawa wengine walikiona. Wote! Wakaganda, sauti haikutoka. Mama ndiyo kwanza anafika na chakula cha Baba, kajifunika khanga usoni kwa sababu ya mkwe. Yeye ndiye aliyepiga kelele.

Kwa jina? nikauliza.

"Kwa jina, mwanangu. Ambindwile! Kilima kizima kilisikia."

Lakini mzee alikuwa hajamaliza. Anasema Babu alisikia, akainua kichwa, na nafasi ya kuruka alikuwa nayo. Akaona aliyesimama kule kwenye majani ni mkamwana wake. Akaona haya. Akageuza uso, akarukia upande wa ukuta. Kiberenge chenyewe kilimkosa. Mataruma yaliyotokeza pembeni yakambana kwenye mawe.

Nililia pale mbele ya cherehani, sikujali nani ananiona. Si jina lililomuua, ni haya! Angerukia kwa Mama, pengine leo angekuwa kikongwe wa kunituma ugoro.

Mzee Hasheem kaniambia nisihofu. Atakwenda Isongole, ataapa kwamba Mama hakutamka kitu. Mungu anajua nia yake, kasema. Nikakubali. Nilikubali haraka kabla hajabadili mawazo.

Jumapili, 12 Juni

Mama kakataa.

Alikuwa anamenya ndizi. Nikamweleza kwamba mlango umefunguka, asiseme lolote, mzee ataapa. Kisu kikasimama. Mwe! Sijawahi kumwona Mama vile. Nilimwita, kasema. Nilimwita, na leo ningemwita tena. Wanaume wazima walikaa kimya na hawana kesi, mimi niliyetaka apone ndiye muuaji? Niingie kwa mume wangu kwa uongo, halafu nikilala pale nimwambie nini?

Nikamjibu kwamba ukaidi hautamfikisha kaburini. Tukagombana kweli, mpaka jirani kaja kuchungulia. Mwisho kaniambia: mwambie huyo mzee aseme alichokiona, asipunguze hata chembe. Tunakwenda Jumamosi.

Naogopa. Na nafurahi — sielewi inakuwaje mtu anakuwa na vyote viwili kwa mpigo.

Jumamosi, 18 Juni, Isongole

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha jiko la Felista, mkamwana wa baba mkubwa. Kaolewa juzi juzi tu. Baridi kali. Asubuhi hii nimemwona kazunguka na ndoo ya maji mpaka nyuma ya zizi, kisa baba mkwe wake kakaa uwanjani.

Mzee Hasheem kasema yote mbele ya wazee. Hakupunguza. Baba mkubwa kasikiliza, kisha katabasamu: basi umekuja kuthibitisha kosa. Na akamgeukia Mama, aliyekuwa bado amesimama nje ya ua. Ulitamka, hukutamka?

Mama akaingia. Hakuna aliyemkaribisha, aliingia tu! Kasimama katikati yao.

"Ambindwile," kasema. Kwa sauti ya kawaida, ya kumwita mtu aje kula. Mzee mmoja kaziba masikio. "Nilimwita asife. Nani mwingine alimwita?"

Yeye kawapita, kaenda hadi kwa Baba, kapiga magoti, kaanza kung'oa majani juu ya kaburi. Mume wangu wamemwacha amekuwa pori, anasema. Analia na huku anang'oa. Wazee wameingia ndani kushauriana, wamefunga mlango. Mama hawasubiri.

Baba mkubwa katoka peke yake. Anamwambia aondoke hapo mpaka ukoo useme. Mama hata kichwa hajainua. Nimeinuka nimjibu mimi, na maneno ninayo tele —

Felista kanipita. Ana jembe. Kakata katikati ya uwanja, uso wazi, mbele ya baba mkwe wake kabisa, na kapiga magoti ubavuni kwa Mama.

Baba mkubwa kageukia ukuta. Mpaka sasa ninapoandika yupo hivyo hivyo, mgongo kwetu, kama aliyepewa adhabu. Ndani wazee wanaulizana kwa sauti huko nje kuna nini. Mama ananiita, anasema niache kalamu nishike upande wa miguuni kwa Baba.