Kwa Mhubiri Niliyekuwa Nikimtafsiria

Meshack, mchumba wangu wa zamani,

Nakuandikia barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu na wewe ulinisema wazi. Ulinisema kanisani Kawangware, ukiwa umeshika maiki, viti vyote vimejaa. Kwa hiyo usinipigie simu kuuliza kwa nini sikukutumia faraghani. Mambo ya faragha kati yetu uliyamaliza mwenyewe.

Unaukumbuka ukuta wa Mama Asha kule Kibera? Mimi naukumbuka hata ulipobanduka rangi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana ulikuwa ukibeba spika begani kama gunia, nami nyuma yako na waya na maiki, tunapita katikati ya vibanda mpaka mlangoni kwake. Mama Asha ni Mwislamu, Mnubi, aliyezaliwa Kibera na wazazi wake wamezikwa hapo hapo, na alitupa soketi yake tuchomeke spika ya kumhubiri Yesu mlangoni mwake. Sharti lake lilikuwa moja. "Adhana ikilia mnanyamaza. Ikiisha, endeleeni na mambo yenu." Siku moja ukajifanya husikii. Adhana inalia na wewe unapaza sauti juu yake. Mama akatoka na leso yake mabegani, akachomoa waya, akarudi kupika. Ukabaki unafungua mdomo kama samaki. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na kwa wakati ule hata wewe ulicheka.

Ulikuwa ukihubiri kwa Kiingereza nami natafsiri kwa Kiswahili. Wageni wangedhani tulikuwa na wazungu katika mkutano. Hakukuwa na mzungu hata mmoja. Kulikuwa na fundi wa viatu, kina mama wa mboga, vijana wa kazi za mjengo waliokuwa wamepumzika, watu wa kwetu magharibi tupu, na wewe mwenyewe, kijana wa Kiluhya ambaye mama yako akikupigia simu unamjibu kwa lugha ya nyumbani hadi majirani wanajua mahindi yamefika wapi. Nilikuuliza mara nyingi kwa nini. Ukaniambia, "Roda, watu wakisikia Kiingereza wanajua hii kitu iko na uzito." Nikakubali, kwa sababu nilikupenda. Nilikupenda sana, Meshack, na sitajifanya leo kwamba sikukupenda.

Lakini wacha tuseme ukweli wa kile Kiingereza. Ulikuwa ukitupa maneno manne ya kishindo halafu unapangusa jasho, na watu wananitazama mimi, wanangoja. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta kitu cha kuwapa. Ile siku ulisema neema, neema, neema, mara tatu, ukanyamaza, nikawaambia watu, "Neema ni kama soketi ya Mama Asha. Hakutuuliza sisi ni akina nani. Hatufanani naye, hatuwezi kumlipa, na bado akatufungulia mlango akasema chomekeni." Watu waligeuka wakamtazama Mama Asha, naye akajifunika uso kwa leso akicheka. Yule fundi wa viatu alilia. Tukiwa njiani kurudi ulininunia hadi kwangu Gatina. Ukasema siwezi kufananisha neema ya Mungu na mwanamke Mwislamu. Nikakuuliza, kwani yeye alitunyima nini?

Halafu kanisa la ghorofani likakuita Kawangware. Suti, kiti cha mbele, mtu wa kukushikia Biblia. Ukaniambia mke wa mchungaji anatakiwa awe na upako, na mimi nina sauti tu. "Kazi yako ni kurudia, Roda. Kuhubiri huwezi. Huna ule ujasiri." Ulisema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti changu cha saluni, mteja akiwa kwa dirisha anangoja. Kuniacha ningekusamehe. Watu huachana. Ila Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya kanisa ukasema uchumba umevunjika kwa sababu dada amerudi nyuma, ameacha wokovu, na waumini wamwombee. Waumini wakaniombea, wee, wakaniombea! Waliniombea hadi wakaacha kuja kusukwa kwangu.

Unajua nilichofanya baada ya hapo? Nilinyamaza. Mteja akinieleza mambo yake, mume amepotea, mtoto hashikiki, nilikuwa namwambia atafute mchungaji. Koo langu lilikuwa linakauka nikitaka kusema jina la Yesu. Nilikuwa nimekuamini. Niliamini injili inataka mtu wa aina fulani, mwenye suti na cheo na maisha yasiyo na doa, na kwamba mtu akishasemwa kanisani, basi Mungu naye amemfutia jina kwenye zamu. Ulininyima mume, sawa. Lakini ulininyima pia kitu nilichokuwa nakipenda kukuzidi wewe, na hicho ndicho kilichonifanya niamke kila asubuhi nikiwa na hasira.

Kwa hiyo mzee wa kanisa lenu alipokuja saluni akasema, "Dada Roda, tuko na krusedi ya injili Kibera Jumamosi, na mkalimani amepoteza sauti kabisa. Najua yaliyosemwa, lakini hakuna mwingine anayekiweza Kiingereza cha Pasta. Tusaidie," nilikubali kabla hajamaliza. Usifikiri nilikubali kwa ajili ya Bwana. Nilikubali kwa sababu nilitaka kukuona ukitetemeka. Wiki nzima nilikuwa nasuka kichwa cha mtu huku nayapanga matusi yangu, yale matusi ya kikristo yanayoanza na "kwa upendo". Niliyajua yote ya kwako. Nilijua mahubiri yako yanayosifiwa mjini niliyatunga mimi nikiosha vyombo. Nilikuwa nimejiandaa kukuvua nguo bila kugusa shati lako.

Ulipanda jukwaani, ukaniona nimeshika maiki ya pili, ukatabasamu. Lile tabasamu nalijua. Ulikuwa unasema moyoni, huyu hawezi. Na ndiyo maana ulithubutu, katikati ya mahubiri, kunipa ushuhuda wako niutafsiri mimi mwenyewe. Ulisema kwa Kiingereza kwamba ulikuwa na mchumba. Mkalimani husema kama mhubiri, kwa hiyo nikasema, "Nilikuwa na mchumba." Ukasema mchumba yule alirudi nyuma, akaacha wokovu, ukalazimika kumwacha ili Mungu akuinue. Ukanigeukia ukangoja nirudie, kama ulivyozoea.

Nikasema, "Na mchumba mwenyewe ni mimi. Naitwa Roda, nakaa Gatina, nasuka nywele hapo steji ya Kawangware 56. Sijarudi nyuma hata siku moja. Pasta anadanganya."

Wueh! Unakumbuka kelele zile? Kijana mmoja juu ya pikipiki alipiga mluzi akasema, "Pasta ameshikwa!" Mpiga kinanda akaacha kupiga. Ukaanza kusema haleluya, haleluya, nani alikujibu? Nilikuwa na uwanja mzima mkononi, na matusi yangu yote yamepanga foleni. Nilivuta pumzi nianze na lile la kwanza.

Ndipo mama mmoja muuza makaa akaongea. Alikuwa mbele kabisa, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, ametoka tu kuuza. Akasema kwa sauti, bila kuogopa mtu, "Na sisi je? Hayo yenu mtamalizia huko kwenu. Mlituita mkasema mtatuambia habari za Yesu. Si mseme?"

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia, na nikajua wanangoja kweli. Sikuwa na mahubiri. Nilikuwa na matusi tu. Sikuwa nimefunga, sikuwa nimeomba, moyo wangu ulikuwa umechacha kama maziwa ya juzi. Nikafungua mdomo nikawaambia kitu pekee nilichokijua kwa hakika, kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya watu wasiomtaka, kwamba aliwaombea msamaha waliokuwa wanamgongomea misumari, kwamba kaburi halikumweza, na kwamba anapokea mtu alivyo. Niliyasema kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Ulinyoosha mkono uchukue maiki nikakugeuzia mgongo. Nikaongea mpaka nikamaliza, na watu wakaja mbele wakiwa wanalia, yule mama wa makaa akiwa wa kwanza, na kijana wa pikipiki ameegesha na kuvua kofia yake.

Wewe ulikuwa umesimama pale na leso yako ya jasho mkononi, huna la kufanya. Nilikuona, na nikafurahi. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu aliyetoka tu kuhubiri msamaha. Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba, na wimbo haukuwa wa sifa.

Jumanne mama wa makaa alikuja saluni. Sikujua hata aliniulizia kwa nani. Akakaa akasema, "Ile kitu ulisema imenikalia kichwani tangu Jumamosi."

"Gani, mama?"

"Ati Mungu hangojei nioge ndiyo anikaribie. Mimi hii kazi yangu, hata kanisa naonaga aibu kuingia. Wananiangalia mikono. Lakini juzi nimeingia nikakaa mbele. Wacha waangalie."

Meshack, mimi sikumbuki kusema maneno hayo. Nimejaribu kukumbuka, hayaji. Nilikuwa nimejaa kisasi hadi kooni, nikikuangalia kwa pembe ya jicho nione kama umeaibika vya kutosha, na katikati ya uchafu wangu huo mtu alisikia kitu kilichomwondolea aibu ya miaka. Nilimsuka bure. Alipoondoka nilifunga mlango nikakaa kwenye kiti kile kile ulichokalia siku ile, nikawaza.

Kama injili ingekuwa inangoja msemaji safi, Jumamosi ile hakuna ambaye angeokoka. Jukwaani tulikuwa wawili, mwongo na mwenye kinyongo, na sijui Mungu aliziba pua kwa harufu ya nani kwanza. Habari yenyewe ndiyo iliyofanya kazi. Ina nguvu kabla mimi sijaishika, na inabaki na nguvu nikiishika vibaya. Huo ndio ujasiri ulioniambia sina. Kumbe ulikuwa hauhitajiki kutoka kwangu. Nilikuwa nautafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta moto jikoni kwake wakati jirani amesimama mlangoni na kaa la moto. Sasa mteja akikaa kwenye kiti changu na kuanza kulia, simwambii tena atafute mchungaji. Namwambia habari za Yesu mimi mwenyewe, koo likauke lisikauke.

Na hapa kuna jambo linalonikera kuliko uongo wako. Kama ni hivyo, basi hata zile Jumapili zetu ukutani kwa Mama Asha zilikuwa za kweli. Hata maneno yako manne ya kishindo. Fundi wa viatu bado anaomba, bado anaimba akigonga nyundo, nimekutana naye. Nilitaka sana kuambia watu kwamba kila kitu chako kilikuwa bure. Mungu hajaniruhusu hata hilo. Alikutumia, akijua vizuri ulivyo, na siwezi kumpangia.

Kukusamehe nitakusamehe. Nimehubiri msamaha mbele ya watu na najua nitadaiwa. Lakini si wiki hii, Meshack. Wiki hii bado nina ladha ya kisasi mdomoni.

Jana ulinitumia ujumbe. Nilidhani unaomba radhi. Nikausoma mara mbili nikitafuta neno pole, halimo. Unasema kanisa linaandaa mkutano mwingine pale Kawangware, na kwamba watu wanamuulizia "yule dada mkalimani", na unauliza kama naweza kuja kukutafsiria, kwa ajili ya kazi ya Bwana.

Nitakuja. Waambie wazee nimekubali, na wanitangaze kwa jina. Ila tutabadilishana maiki. Mimi nitahubiri kwa Kiswahili, na wewe utasimama kando yangu unirudie kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kuongeza, kwa faida ya watu wa Kawangware wasioelewa Kiswahili. Nenda ukawatafute uwaketishe mbele.

Ni mimi,
aliyekuwa mchumba wako,
Roda