Efraimu na Chupa Yake ya Barafu

Mwaka umetimia, Efraimu, tangu homa ya mapafu ikuchukue hapa Isansa, Machi 1955, na mpaka leo mimi mkeo naogopa.

Ulikuwa msaidizi wa bwana mifugo. Kila lori lilipoleta barafu kutoka Mbeya, ulipita vijijini na mbegu za fahali ndani ya chupa ya chai, maana zikipata joto zinakufa. Watu walikutania, "Efraimu kabeba fahali kwapani!" Ulicheka nao, huku ukiifuta chupa kwa pindo la koti. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa kwa aliyegusa kizibo.

Mara mbili barafu iliyeyuka kabla hujafika kwa Mzee Osea, na ng'ombe wake wa pekee hakushika mimba. Ukamwapia kwamba mara ya tatu haitaharibika. Ng'ombe alipotaka dume tena, lori lilikuwa limeleta barafu na mbegu jana yake, na wewe hujiwezi kitandani. Asubuhi ukaniambia, "Nesta, barafu haingoji." Hukusema tena.

Sasa naliweka wazi, mimi mkeo, nililolificha. Watu wanajua ulinituma, ukafa nikiwa njiani. Si kweli. Ulikuwa umeshakata roho. Kwetu mwenye maiti nyumbani haingii zizi la mtu, asije akalitia laana, na ningepiga yowe moja tu, wasingeniacha nitoke. Sikulia. Nilikufunika shuka, mkono wako ukiwa bado na joto, nikachukua chupa na mrija wa kupandikizia mbegu. Nikamwambia Mzee Osea, "Amenituma." Nilifanya kama nilivyokuona ukifanya. Niliporudi ndipo nilipolia.

Ndama alizaliwa Desemba, jike, mzima. Kila nikisikia amekohoa, nadhani laana imefika. Anastazia, mke wa Mzee Osea, hutuletea maziwa ya ng'ombe huyo. Watoto wanakunywa; mimi siyagusi.

Wiki iliyopita Mzee Osea alikuja mwenyewe. "Mwanangu, mumeo alinikumbuka hata akiwa anakata roho. Ndama ni wenu. Jumapili baada ya ibada nitamleta."

Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza mama yako. Akasema, "Mficha maradhi kilio humuumbua. Wewe, mwanangu, umeficha kilio chenyewe! Sema kabla Osea hajamfunga ndama kamba."

Basi tangazo hili litasomwa kanisani Jumapili hiyohiyo, kabla ya sala ya mwisho, Mzee Osea akiwa kwenye benchi lake la pili. Sijui kama atainuka atoke. Naogopa, Efraimu. Kama kuna laana, na iwe yangu, isiwaguse watoto.

Tunaokukumbuka ni mama yako Tumpe, wanao Lusubilo na Fides, na mimi Nesta. Mume wangu, nisamehe zile saa mbili ulizolala bila kuliliwa. Daima tutakukumbuka.