Bangili ya Kukhu Yenye Msalaba Uliopinda

Mpwa wangu Nekesa,

Hapa Busia tu wazima, na ng'ombe wangu, anayejulikana mpaka Uganda, amezaa.

Umeuliza kama bangili ya marehemu kukhu, nyanya yako, ina alama ya wale wauaji waliotawala huko wakati wa vita kuu, maana wenzako huko Ujerumani wameiogopa. Hapana. Vile vitone vinne kwenye msalaba uliopinda ni vya Wahindi. Alipewa na mama mwenye duka; kwao ni baraka tangu kale.

Mimi, enzi hizo kijana maridadi kuliko wote Malaba, niliiazima. Mama mmoja Mzungu aliyekuwa akivuka mpaka aliiona, akarudi nyuma.

"Mama, hii ni baraka!"

"Kwako, kijana. Waliomchukua baba yangu walivaa alama hii."

Mimi huyu niliivua, nikambebea sanduku mpaka ng'ambo.

Usiitupe, kukhu hakuwa na ubaya. Lakini huko usiivae; wapo ambao baba zao hawakurudi.

Mjomba wako,
Wafula