Onyo la Kompyuta na Nyimbo za Akina Susu

Mjini Wote, Jumamosi jioni, Oktoba 1998. Jua limekuwa kali mpaka mbuzi wa sokoni wakajificha chini ya meza za mboga. Vumbi hadi kwenye meno. Na mimi nina furaha ya kutembea nikiongea peke yangu.

Mambo yalianza Jumatatu. Nilipowasha kompyuta ya ofisi yetu ya kupiga chapa, maneno ya Kiingereza yalitokea kwenye skrini: diski ya ndani inakaribia kufa, toa nakala ya kazi zako. Ukibonyeza kitufe yanapotea, mashine inaendelea kama kawaida.

Kyalo, ndugu ya mume wangu na ndiye fundi wetu, alicheka. Ati onyo kama hilo alishaliona Machakos, na mwaka ukaisha mashine bado inapiga kazi. Halafu nyingine ya shule jirani ikafa ghafla bila kumwonya mtu. "Sasa shemeji, hapo utaamini nini? Hayo ni mawingu ya huku kwetu, yanakuja na kupita."

Maneno yake yalikuwa na ukweli.

Lakini ndani ya diski hiyo kulikuwa na nyimbo za akina susu. Susu ni nyanya kwetu Ukambani, na hawa ni akina mama wazee wa kanisa letu la Kathonzweni, waliojitungia nyimbo za Kikamba tangu wakiwa wasichana. Nilizipiga chapa mwaka mzima, kila jioni baada ya kazi. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa kwenye stoo ya kanisa. Waimbaji tumewazika mmoja mmoja. Amebaki Susu Mbithe, naye siku hizi anakumbuka viitikio tu.

Nikamkumbuka mama yangu. Kila mwaka hupanda mbaazi kwenye vumbi, kabla wingu halijaonekana. Ukimuuliza amejuaje kuwa mvua itakuja, anasema hajui. Anajua tu kwamba anayengoja mpaka alowe hupanda akiwa amechelewa. Mvua ikikosa, amepoteza mbegu kidogo, basi.

Kwa hivyo Jumatano, siku ya soko, siku ya wateja wengi, nikafunga ofisi nikaenda Machakos kutafuta disketi za kuwekea nakala, maana hapa hakuna. Kyalo alinuna. Niliporudi nikanakili nyimbo zote kwenye disketi mbili, moja ikabaki ofisini, nyingine nikaificha nyumbani ndani ya kopo la majani chai. Hapo ndipo akaanza kuniita Mama Disketi, na wateja wakalidaka jina hilo.

Alhamisi, onyo halikutokea. Ijumaa pia hakuna kitu. Nakiri, nilijiona mjinga.

Leo asubuhi nimewasha mashine. Ka, ka, ka, kama mtu anagonga mlango kwa kucha. Kisha kimya.

Kyalo aliifungua, akapuliza, akaifunga. Safari hii hakucheka. Nikachukua disketi ya ofisini tukaenda kwa mwalimu mmoja mwenye kompyuta. Ikakataa kufunguka. Nikakimbia nyumbani kuchukua ile ya kwenye kopo.

Ikafunguka.

Nyimbo zote, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Printa ya mwalimu ilipoanza kelele zake nililia mbele ya watu, na sijali. Kyalo alikuwa pembeni akipanga karatasi. Baadaye akaniuliza polepole kama nimebaki na disketi tupu, kuna kazi zake anataka kuziweka mahali.

Nikamwambia, "Chukua mbili, shemeji."

Je, onyo la kompyuta ni la kuaminika? Hata leo siwezi kuapa. Lingeweza kunidanganya, na ningebaki Mama Disketi maisha yangu yote. Lakini kuanzia sasa kila Ijumaa nitanakili kazi zangu, onyo liwepo lisiwepo.

Kesho ibadani nitakaa karibu na Susu Mbithe. Nitamsomea sikioni mistari aliyoisahau, mmoja baada ya mwingine, naye ataimba.